Mtoto wa Ngamia Aliyelia kwa Furaha

Faza, 9 Februari 2025

Kaka yangu Jamaludin,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute umerudi kazini salama, na wifi Nerea na Ian wako karibu nawe. Sisi huku afya tunayo. Baba goti linamuuma akipanda ngazi, lakini swala ya jamaa haimpiti. Chekechea mwaka huu nina watoto arubaini na mmoja na msaidizi hakuna, kwa hiyo ikifika adhuhuri sauti imenikauka. Mvua hatujaiona.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Kwenye simu, kaka, kila nikifika kwenye maneno yenyewe mtandao wako unaharibika. Imetokea mara nne sasa. Barua naituma kwa basi la kutoka Mokowe, ikichelewa na ichelewe, lakini itafika nzima.

Mtoto wa mdogo wangu marehemu Fadhil, Amal, ninaye mimi. Ghada anakaa eda kwao Pate, na baba alikata shauri mtoto aletwe huku asije akamwona mamake kwenye nguo za eda akaanza kuuliza. Amal anajua babake amesafiri kikazi. Ana miaka sita. Baba amesema asiambiwe mpaka akue kidogo, na wakubwa wote wakaitikia. Na mimi niliitikia, kwa kichwa.

Sasa kila siku akishakula anachukua simu yangu, anatafuta picha ya babake, anabonyeza na kumsemesha. "Baba, leo nimekula samaki wa kupaka." "Baba, shangazi kanisuka." Alama ya ujumbe inabaki moja, ya kijivu. Akiniuliza kwa nini babake hajibu namwambia yuko mahali hapana mtandao.

Juzi nilipoishiwa maneno nikamsimulia Yasaghiri.

Najua umetabasamu. Mwaka wa 1995, ile televisheni aliyoileta babako, ndugu yake baba, kutoka Jedda, na deki, na kanda nne za katuni. Alhamisi baada ya Laasiri baba akiwasha jenereta uani, na watoto wa mtaa mzima wakavua viatu mlangoni. Mtoto wa ngamia ameachwa kisimani na msafara kwa kuwa ni mgonjwa, akapona, akaufuata msafara mji baada ya mji kumtafuta mamake, yeye na sungura wa sikio moja na yule kobe aliyebeba birika mgongoni. Wimbo ulianza "ya saghiir", yaani ewe mdogo, nasi tukadhani ndilo jina lake. Na wewe umeketi kwenye kigoda mbele yetu, miaka kumi na miwili, ukitufasiria, kwani ulikuwa umeishi Jedda na Kiarabu ulikijua. Mama alikuwa Mombasa kwa matibabu, ndivyo nilivyoambiwa, na mimi na miaka yangu saba niliisubiri Alhamisi kama mtu anayesubiri habari zake mwenyewe.

Amal ameipenda mno na anataka kuiona kwa macho yake. Zile kanda ziliishia wapi? Jina lenyewe la katuni ile ni lipi? Na jambo moja limenitatiza kumsimulia. Mwisho Yasaghiri alimkuta mamake mji gani? Nakumbuka ulitutajia.

Nisalimie wifi. Mwambie bizari alizoagiza ziko tayari, natafuta wa kumpa.

Nduguyo,
Hadia


Kitale, 26 Machi 2025

Dada yangu Hadia,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa siku tisa katika ofisi ya basi kabla sijapigiwa simu, na tangu hapo ni Ramadhani na kazi, watu wanataka redio na simu zao zitengenezwe kabla ya sikukuu kana kwamba Idi haiwezi kufika bila redio. Nerea hajambo, anafunga nami mwaka huu tangu kumi la kwanza. Ian kimo amenifikia mabegani na hataki kuitwa mtoto tena. Huku kuna baridi, asubuhi navaa sweta la sufu ambalo ungeliona ungecheka.

Yasaghiri. Dada, umenifungulia sanduku. Tangu nisome barua yako harufu ya petroli ya ile jenereta haijanitoka puani. Unakumbuka ilivyokuwa ikizima, mara zote kwenye sehemu tamu, na ami Madi akitoka na kikoi chake kuivuta kamba mara tatu, na sisi sote tunahesabu kwa sauti? Deki ikipata moto picha ikawa na mistari, na mimi nikaifungua na kuipangusa kwa pamba iliyochovywa marashi ya mamako, hayo yaliyobaki kwenye chupa ya buluu. Kazi yangu ya leo ilianzia hapo. Kila nikifungua redio ya mtu natafuta ile harufu na siipati.

Naikumbuka mbingu ya katuni ile, ilikuwa ya kijani. Ninyi mlibishana: wewe ukasema Arabuni mbingu ni ya kijani kwa sababu ni karibu na Makka. Kobe akimwagikiwa na chai kila alipokimbia. Sungura aliyesikia upande mmoja tu, kwa hiyo kila wakielekezwa ndia yeye aliwapeleka kinyume. Na Fadhil mapajani pangu, miaka mitatu, ananyonya pindo la shati langu, na siku ya simba wa mchanga akanikojolea na hakuna aliyetaka kuinuka kunisaidia.

Kanda nadhani zililiwa na chumvi. Jina la katuni silikumbuki. Mwishoni alimkuta mamake, ndiyo, ila mji sina hakika nao. Mtafutie Amal katuni nyingine, siku hizi ni nyingi na zinapendeza kuliko ile.

Msalimie ami sana. Mwambie namwombea goti lake.

Jamaludin


Faza, 11 Aprili 2025

Kaka Jamaludin,

Salamu nyingi, na Idi njema ijapokuwa imepita. Tuliswali uwanjani, upepo ukabeba mkeka wa watu wa safu ya nyuma. Baba alivaa kanzu aliyoshoneshewa na Fadhil kwa fundi wa Mombasa mwaka jana. Alichelewa kuivua.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nikacheka, nikamsomea baba pale pa jenereta. Kisha nikaona jambo. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya petroli na marashi na mkojo wa Fadhil, na niliyokuuliza umeyajibu kwa mistari mitatu. Na Fadhil mwenyewe, uliyekaa naye siku kumi na moja hospitalini, ukamwosha, ukamtia kaburini, hujanitajia hata saa moja ya siku hizo. Kwa simu hukunitajia. Nikadhani kwa barua utanitajia.

Nikueleze mambo ya Amal. Siku ya Idi alipewa halua. Akakata nusu, akaitia kwenye kopo la maziwa, akaliweka chini ya kitanda changu, fungu la babake. Baada ya siku nne sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani. Nilipotaka kulitupa alilishika kopo kwa mikono miwili akasema, "Ukiitupa atajua sikumwekea."

Nikamwambia asubiri kama Yasaghiri alivyosubiri, kwani Yasaghiri alimkuta mamake. Na nilipokuwa nikisema hivyo, kaka, sauti niliyoisikia haikuwa yangu. Ilikuwa yako, ya kwenye kigoda.

Basi nakuuliza tena. Alimkuta wapi? Ustadh Jeilani anayewafundisha watoto madrasa anasema katuni hizo za Kiarabu za zamani watu wamezitia mtandaoni, mtu akijua maneno ya wimbo atazipata. Wimbo naujua wote. Nitampelekea.

Hadia


Kitale, 24 Aprili 2025

Dada Hadia,

Waalaykum salaam. Ian alikuwa na homa, sasa amepoa. Nerea anakushukuru kwa bizari.

Usiitafute. Nakuomba kama kaka yako. Kitu cha utotoni ukikirudia ukubwani unakikuta kidogo, na rangi zimekwisha. Bakia na ile uliyonayo. Ni nzuri kuliko iliyomo kwenye kanda.

Kuhusu Fadhil tutazungumza tukionana.

Jamaludin


Faza, 18 Mei 2025

Jamaludin,

Salaam. Baba hajambo, Amal hajambo, na mimi nitakueleza nilivyo.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikwenda madrasa kabla watoto hawajafika. Ustadh Jeilani alikuwa ameipata. Ameiweka kwenye kompyuta yake juu ya meza ya vitabu, akanivutia kiti, yeye akasimama. Wimbo ulipoanza nililia, wala sikuona haya. Rangi hazijakwisha. Umekosea. Mbingu ni ya kijani vilevile.

Nilimwambia anifasirie polepole. Sehemu ya kwanza na ya pili zilikuwa kama ulivyotusimulia. Ya tatu, korongo akatua juu ya ukuta wa mji, akazungumza na Yasaghiri, na Yasaghiri akapiga magoti, akalia. Naikumbuka siku ile. Nilikuuliza, "Analilia nini?" Ukasema, "Analia kwa furaha. Korongo amemwambia mamake yuko mji unaofuata."

Nikamuuliza ustadh, "Korongo anasema nini?"

Akasema, "Anamwambia: ewe mdogo, mamako amekufa ndiani. Wamemfukia chini ya mgunga."

Sehemu ya tatu, Jamaludin. Kati ya ishirini na sita. Zote zilizobaki anakwenda akijua. Hamtafuti mamake hata kidogo, amebeba kengele iliyokuwa shingoni mwa mamake aipeleke kwa msafara. Na yule ngamia jike wa mwisho ambaye ulituambia ndiye mama, ni mama mdogo wake, anaipokea kengele na kumvisha yeye. Kila alipolia, na alilia sana, wewe ulituambia ni furaha. Mpaka mwezi jana mimi Mwalimu Hadia nilikuwa nikiwafundisha watoto wa chekechea kwamba ngamia akifurahi hutoa machozi.

Kiarabu ulikuwa unakijua. Hukukosea kufasiri.

Na mamangu wakati ule alikuwa tayari chini ya mchanga wa Mombasa. Mimi nilikuja kuambiwa miezi minane baadaye, kwenye foleni ya maji, na msichana tuliyekuwa tunagombea naye ndoo. Aliniambia kwa matusi: "Ndiyo sababu mamako kafa na hata hukuambiwa." Nilimwaga maji yote nikarudi nyumbani na ndoo tupu.

Nakuuliza neno moja, unijibu. Ulijua?

Eda ya Ghada inakwisha wiki hii. Atakuja kumchukua mtoto, na amenitumia ujumbe kuniuliza aseme nini akifika. Baba anasema aseme vilevile. Mimi sijamjibu.

Hadia


Kitale, 27 Mei 2025

Dada yangu,

Salaam alaykum. Nerea na Ian wanakusalimu. Barua yako imefika kwa siku tano, sijui ni basi gani lililoibeba.

Nilijua.

Ami Madi aliporudi kutoka Mombasa mlikuwa mmepelekwa Kiwayu kwa bibi, wewe na Fadhil. Alinikalisha ukumbini akaniambia mamako, Bi Barka, amefariki na amezikwa huko, na ninyi mkirudi mtaambiwa anaendelea na matibabu. Akaniambia, "Wewe mkubwa, uzuie ulimi wako." Nilikuwa mtoto ninayeishi katika nyumba ya ami yangu, babangu yuko mbali. Nikauzuia. Mambo ya televisheni yakaja baada ya wiki tatu.

Ile sehemu ya tatu nilikuwa sijaiona. Niliisikia pamoja nanyi. Korongo alipotamka lile neno, wewe ukanivuta shati ukauliza analilia nini. Watoto kumi na tano wananitazama. Jibu lilitoka lenyewe. Baada ya hapo sikuwa na pa kurudi, ikabidi kila Alhamisi nitunge. Wakisema msiba nasema sikukuu.

Lakini si hilo lililonifanya niwe mtu wa kukimbia maneno. Siku moja, kanda zimekwisha zamani, ulikuja kwangu nikiwa nafua kanzu uani. Nguo zako zilikuwa zimelowa maji. Hukuniuliza habari za mamako. Uliuliza, "Yasaghiri alimwona kweli mamake?" Nikajua umeshaambiwa. Nikajua pia unanipa nafasi. Nikasema, "Alimwona." Ukanitazama, ukasema, "Haya," ukaondoka. Tangu siku hiyo hukukaa tena karibu yangu. Nimelibeba neno hilo "haya" mpaka huku Kitale.

Sasa Fadhil. Siku ya tisa hospitalini alikuwa na nguvu kidogo. Tukazungumza ya Faza, akacheka. Akaniambia, "Mimi sura ya mama siikumbuki. Nikimfikiria huja yule ngamia wa mwisho, anamvisha mwanawe kengele." Kisha akauliza lile uliloniuliza wewe. "Alimkuta mji gani?" Mtu wa miaka thelathini na mitatu, Hadia, anakufa, na mimi nimemshika mkono. Nikamwambia, "Mji wa mwisho." Akasema, "Nilidhani hivyo," akalala. Hayo ndiyo niliyoshindwa kukwambia kwa simu.

Liko moja zaidi. Simu ya Fadhil ninayo mimi. Nilipewa na wauguzi pamoja na nguo, nikaitia droo ya dukani ikiwa imezima. Siku ya Jumapili baada ya barua yako niliitia chaji. Zikaanza kuingia sauti za Amal. Ziko mia moja na kumi na nne. Nilifunga mlango wa duka nikazisikiliza zote. Nyingi ni za samaki na kusukwa nywele. Ya mwisho anasema, "Baba, shangazi anasema Yasaghiri alimkuta mamake. Basi wewe ukae hapo ulipo, usiondoke, mimi ndiye nitakayekuja."

Mwambieni mtoto. Nilidhani nawapa asali. Msomee ami barua hii, yote, hata pale ninapomtaja. Akikasirika anikasirikie mimi.

Nisamehe, ukiweza.

Jamaludin


Faza, 15 Juni 2025

Kaka yangu Jamaludin,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimefurahia mwandiko wako, ijapokuwa mistari imepanda mlima. Huku upepo wa kusi umekaza, mchanga unaingia mpaka kwenye sufuria. Ghada yuko nasi tangu mwisho wa Mei. Amekonda, lakini anakula. Mwambie wifi kwamba kitambaa alichomletea Ghada kimemkaa vizuri.

Ghada alipofika hakumwambia mtoto lolote. Mtoto alipomuuliza juu ya baba aliinuka akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Niliona siwezi tena. Tulipomaliza Idi Kubwa nikamsomea baba barua yako. Nilisoma yote. Pale ulipoandika "uzuie ulimi wako" alivua miwani, lakini hakunizuia. Nilipomaliza akaniambia, "Nipe," akaikunja akaitia mfuko wa shati. Siku tatu hakusema nami ila salamu na chakula. Nikadhani nimemvunja.

Ijumaa baada ya Laasiri alirudi msikitini, akaketi kwenye kiti chake ukumbini, akasema niwaite Ghada na Amal. Nikamwambia, "Baba, niachie mimi, nitamwambia kwa utaratibu." Akasema, "Kazi hii ni yangu. Mara ya kwanza niliikimbia."

Amal akaja na unga mikononi, walikuwa wanasukuma chapati. Baba akamwita, "Ndoo, uketi hapa." Akaketi juu ya mkeka miguuni pake.

"Babako hakusafiri," baba akasema. "Alikuwa muwele wa figo. Amekufa. Wamemzika Mombasa. Hatarudi."

Amal akamtazama mamake, Ghada akaitikia kwa kichwa.

"Hata Idi?"

"Hata Idi."

"Na simu yake?"

"Simu yake anayo ami yako Jamaludin. Amezisikia zote ulizomsemesha."

Akafikiri. Alikuwa anakwangua unga kucha moja moja. Kisha akauliza, "Na babako wewe, babu?"

"Amekufa. Zamani."

"Na mamako?"

"Amekufa naye."

"Na bibi Barka?"

"Huyo naye amekufa. Na huyo naye nilisema amesafiri." Alisema hayo akinitazama mimi.

"Basi wewe umebaki peke yako," Amal akasema.

Baba alimwekea mkono kichwani. Hapo ndipo mtoto akalia. Alilia kwa sauti, akamrukia mamake mapajani na unga wake wote, na Ghada, ambaye tangu Januari nilikuwa sijamwona akilia mbele ya mtu, akalia naye. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Chapati ziliungua. Sijui walilia muda gani, jua lilikuwa limeshatoka ukumbini.

Walipoingia ndani kulala, mimi nikabaki na baba. Nilikuwa naokota kikombe chake niondoke, akasema, "Keti." Akaniambia, "Mamako asubuhi ya siku aliyokufa aliniagiza jambo lako. Sikukupa, kwa sababu kukupa ilikuwa ni kukwambia. Alisema: Hadia anaogopa kuoshwa kichwa. Wambie wamfunge mato kwa kitambaa kwanza, kisha wammiminie mayi kwa nyuma. Akifungwa mato halii."

Kaka, wewe uliishi nyumba hii. Unajua nilivyokuwa nikipiga kelele maji yakiniingia machoni nikioshwa kichwa Kiwayu na hapa, hata majirani wakadhani napigwa.

Nikamwambia, "Baba, nilikuwa nalia kweli."

Akasema, "Najua. Nilikuwa nasikia."

Akaomba msamaha. Sikuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa mtu. Nikamwambia nimesamehe, na siku ile ilikuwa kweli. Leo asubuhi nilikuwa na hasira tena kidogo, kisha ikapungua. Nadhani itakuwa hivyo kwa muda.

Kuhusu wewe. Hiyo siku ya kanzu uani siikumbuki. Nimejaribu, haiji. Hilo "haya" ulilolibeba mimi silijui, naomba ulitue. Ninachokumbuka ni kwamba ulinipa nafasi ya mbele, karibu na kioo, na watoto wakubwa wakinisukuma ulikuwa unasimamisha hadithi mpaka wanirudishie nafasi yangu. Mambo uliyotufasiria hayakuwa kweli, na mwaka ule sikuwa na kitu kingine cha kushika. Siwezi kukwambia ulifanya vyema. Siwezi pia kukwambia ningekuwa nani bila Alhamisi zile. Yote mawili nimeyaweka hapa, uyachukue pamoja.

Amal analala na mamake sasa. Jana alikuwa kimya mchana kutwa, leo amegombana na mtoto wa jirani kwa sababu ya kamba ya kuruka, nikashukuru. Ameuliza kama unaweza kutoifuta sauti yake hata moja. Nimemwambia hutaifuta.

Njoo nyumbani. Baba hasemi, lakini amemwita fundi aangalie paa la chumba chako.

Hadia


Kitale, 3 Julai 2025

Dada yangu Hadia,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nerea alinisomea barua yako mimi nikiwa nimegeuka ukutani, kwani nilipojaribu mwenyewe sikupita kwenye chapati. Ian hajambo. Mahindi yamefika kiunoni.

Sauti za Amal nimezihamisha mahali pawili ili zisipotee. Simu nitakuja nayo. Shule zikifunga Agosti tutafunga safari, sote watatu, tupitie Mombasa kwanza. Ghada na Amal wakitaka kutukuta huko, nitawaonyesha kaburi la Fadhil. La Bi Barka ami amenieleza kwa simu lilipo, ni upande wa ukuta wa zamani. Aliniambia tangu mwaka ule hajawahi kumwonyesha mtu. Wewe ukija, nitakupeleka. Mwambie fundi asihangaike na dari, mimi nitaipaka chokaa mwenyewe.

Miaka kumi na miwili ya Ian sijawahi kukaa naye kutazama katuni. Alikuwa akiniita, nasema nina kazi. Jumapili mchana nilimwambia aje dukani, nikaitafuta ile katuni kwa maneno uliyoniandikia, nikaiweka kwenye televisheni ya mteja. Alicheka mbingu ilivyo ya kijani. Alimpenda kobe. Akaniuliza, "Baba, wanasema nini?" Nikamfasiria. Neno kwa neno, kama lilivyo.

Ikafika sehemu ya tatu. Korongo akatua ukutani. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaiweka chini. Korongo akasema, na mimi nikasema baada yake, "Ewe mdogo, mamako amekufa ndiani." Nikamalizia na mgunga.

Ian alinitazama, kisha akatazama kioo. Yule mtoto wa ngamia alikuwa amepiga magoti. Ian hakuniuliza analilia nini. Alisogeza kiti chake kikagusa changu, akauliza kama ziko nyingine. Nikamwambia zimebaki ishirini na tatu. Akasema niweke ya nne.

Kaka yako,
Jamaludin